Shule ya Watoto Tisa wa Kijerumani

Mwezi uliopita Gertrud alikuja kunitembelea hapa nyumbani Nyanga, Bukoba. Sasa ana mvi kichwa kizima, anatembea na fimbo, na ana wajukuu wawili ambao baba yao amepata kazi nchi ya mbali huko Asia. Tulipokuwa tunakunywa chai barazani alitoa simu akanionyesha picha za shule mbili. Moja inafundisha kwa Kijerumani kitupu. Ya pili inafundisha nusu ya siku kwa Kijerumani na nusu kwa lugha ya wenyeji wa huko. Mwanawe na mkewe wameshindwa kuamua, wamegombana mpaka wamechoka, na sasa bibi ameombwa atoe maoni yake. Akaniuliza mimi ningechagua ipi. Nilicheka hadi nikakohoa. Nilimwambia kwamba katika dunia nzima yeye ndiye mtu wa mwisho anayeruhusiwa kuniuliza swali hilo, maana siku watu wazima walipolipigia kura mbele yangu, yeye alikuwepo, akiwa na miaka minane na pengo mbele ya mdomo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na nilijiona mtu mzima kweli kweli. Alipoondoka kurudi hotelini kwake mjini sikuviosha vikombe. Nilibaki nimekaa palepale nikiukumbuka mwaka ule, na kwa kuwa nimeshazeeka na hakuna wa kunikataza kujisifu, nitausimulia wote.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Wajerumani waliokuwa wameondolewa wakati wa vita walikuwa wameanza kuruhusiwa kurudi, na juu ya kilima kimoja huko Muleba palikuwa na hospitali yenye familia tano za Kijerumani: Daktari na mkewe, mafundi wawili wa ujenzi na wake zao, muuguzi na mumewe, na bwana mmoja mrefu aliyewafundisha wakulima kupogoa mibuni, ambaye kila mtu alimwita Bwana Kahawa. Jumla ya watoto wao ilikuwa tisa. Mwalimu wao, Luise, mwanamke mwembamba asiyeolewa, alikuwa amewafungulia shule katika nyumba ya zamani yenye paa la mabati lililopakwa rangi nyekundu. Asubuhi aliwafundisha kwa Kijerumani. Kwa mchana alitaka mtu wa kuwafundisha kwa Kiswahili, si nyimbo na salamu tu bali masomo yenyewe: hesabu, mimea, jiografia ya nchi waliyokuwa wanaishi. Alikwenda Bukoba kwenye shule yetu ya wasichana akaomba apewe aliyefaulu vizuri zaidi. Akapewa mimi, Kokugonza. Sisi Wahaya Kiswahili tunakipata darasani, nacho hukaa kimenyooka kama sare iliyopigwa pasi, na Mwalimu Luise alisema hicho ndicho anachokitaka. Nilipanda lori lililokuwa linarudi tupu baada ya kushusha kahawa bandarini, na sanduku langu la bati nikaliweka katikati ya miguu nisije nikaibiwa cheti.

Nilipewa chumba nyuma ya darasa. Kilikuwa na kitanda cha chuma, beseni la kunawia na dirisha lililotazama ziwa kwa mbali pamoja na visiwa vyake. Chakula nilikula mezani kwa Mwalimu Luise. Wiki ya kwanza ilikuwa mkate mweusi uliochosha taya na supu ya viazi iliyopikwa bila haraka ya kuwa tamu. Nilikula kwa adabu na usiku nikaota ebitoke, ndizi zetu za kupika. Wiki ya pili uvumilivu ukaniishia. Niliingia jikoni mwenyewe, nikamenya ndizi, nikazifunika kwa majani ya mgomba zikaiva na maharage, nikamwekea sahani bila kumwomba ruhusa. Alikula, akaongeza, kisha akasema kuwa kuanzia siku hiyo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jikoni ni zamu yangu. Ndivyo tulivyoishi, siku zake na siku zangu, na sikumbuki kama tuligombana zaidi ya mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa juu ya chumvi. Watoto waliniita Mwalimu Koku tangu siku ya kwanza. Wazazi wao walichelewa kidogo. Mke wa Daktari, ambaye sisi tulimwita Mama Gertrud kwa jina la bintiye mkubwa, aliniita yaya mwaka karibu mzima. Alilisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Kufundisha nilikupenda kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimefunzwa ualimu wa kusimama mbele na kiboko mkononi, lakini watoto wale walikuwa hawajui kuogopa na kiboko nilikitumia kuning'iniza ramani. Tulihesabu kwa mbegu za maharage. Tulichora kibanja cha Kihaya kuanzia mlangoni: migomba, mibuni kivulini mwake, maharage chini, nyasi zilizotandazwa kuzuia magugu. Gertrud alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono na wa mwisho kunyamaza. Aliniuliza kwa nini mgomba hufa baada ya kuzaa, kwa nini ziwa halina chumvi, kwa nini mimi sina mume. Kumbe nyumbani kwao hasemi. Nililigundua hilo kwenye meza ya baba yake, Jumapili tulizokaribishwa chakula baada ya ibada. Mtoto aliyekuwa ananichosha kwa maswali siku tano za wiki alikaa pale akitazama uma wake, na mama yake akimsemesha alijibu kwa neno moja. Nilidhani ni adabu zao.

Katika chakula hicho cha Jumapili watu wazima walizungumza Kijerumani, nami nilikaa upande wa watoto nikikata nyama polepole. Mtu anaweza asijue lugha lakini jina lake akalijua. Likitajwa langu, kisu cha Mwalimu Luise kilisimama kidogo kisha kikaendelea. Miezi ya katikati ya mwaka lilianza kutajwa kila Jumapili, na kila likitajwa kilipitishwa mezani kijitabu chenye picha: vitanda vilivyopangwa mstari, uwanja wa mpira, watoto weupe waliovaa masweta. Jumatatu moja nilimuuliza Gertrud ni kitabu gani kile. Alinijibu akiwa anachonga penseli, kana kwamba ananieleza habari za mvua.

"Ni shule ya bweni, Mwalimu. Iko milimani, mbali, siku tatu njiani. Mwakani tunakwenda huko. Mama anasema tukikaa hapa tutasahau kuwa Wajerumani."

Nilimwambia achonge penseli vizuri asijikate. Kisha niliingia chumbani kwangu nikakaa kitandani, na nasema bila aibu kwamba nililia. Shule ikifungwa, mimi nilikuwa nimekwisha. Nafasi nyingine ya ualimu kwa msichana wa umri wangu haikuwepo wilaya nzima. Ningerudi Nyanga kupalilia kahawa, cheti kingeozea sandukuni, na kwa maisha yangu yote ningekuwa mtu aliyewahi kufundisha kidogo. Jioni nilimuuliza Mwalimu Luise kwa nini hakuniambia. Alisema alikuwa anatafuta maneno. Wazazi wamekubaliana wakutane Desemba, kila familia kura moja, waamue kama watoto wabaki hapa na lugha zao mbili au waende huko na moja. Familia tatu zikisema waende, shule inafungwa. Na alisema kwamba Mama Gertrud ndiye anayesikilizwa na wengine, kwa hiyo nisihangaike na maneno matamu. Niwaonyeshe watoto wanajua nini.

Basi nikaamua kuwaonyesha. Mwishoni mwa Novemba senene waliingia. Kwa msomaji asiyetoka kwetu: ni panzi wa kijani wanaotua kwa wingi msimu wa mvua, na Mhaya aliye mbali na kwao akisikia senene wametua hapati usingizi. Niliona nimepata dawa. Alfajiri niliwapeleka watoto wote tisa majanini, miguu ikalowa umande, wakaokota mpaka vikapu vikajaa. Niliwafundisha kunyonyoa mabawa na miguu, kuwaosha na kuwakaanga kwa mafuta yao wenyewe mpaka wawe rangi ya dhahabu, na kila hatua wakaieleza kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kijerumani. Mwalimu Luise aliniachia somo hilo lote. Kisha, kwa furaha ya kuona mambo yananyooka, nikawafundisha na namna ya kuwapeleka kwa walaji. Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na binti wa Kihaya peke yake.

Katika desturi yetu ya zamani senene wanakamatwa na wanawake, wanasafishwa na wanawake, wanakaangwa na wanawake, na wanaliwa na wanaume. Mwanamke anawapeleka kwa baba au mume kwa magoti, naye hatii hata mmoja mdomoni. Mimi nilikuwa nimewakaanga tangu nikiwa na miaka sita na nilikuwa sijawahi kuwaonja. Wala sikuwahi kujiuliza, kama vile sijajiuliza kwa nini natembea kwa miguu. Kwa hiyo niliwafunza wasichana watano kupiga magoti vizuri, mgongo wima, sahani kwa mikono miwili, na nikawaambia wasile. Mdogo mmoja alinung'unika. Nilimtuliza kwa kumwambia ndiyo heshima yenyewe.

Siku yenyewe ya kura ilikuwa Jumamosi ya Desemba, saa nne asubuhi. Tuliyasukuma madawati ukutani, tukapanga mabenchi, na wazazi walipoingia niliwapitishia kikapu kidogo cha buni za kutafuna, zile tunazozichemsha na majani yenye harufu kisha tukazianika, kama anavyokaribishwa mgeni katika nyumba yoyote ya Kihaya yenye adabu. Wengine waliweka mfukoni. Bwana Kahawa alitafuna yake hapohapo akaomba na nyingine. Mambo yalianza vizuri mno. Watoto walipiga hesabu kwa lugha mbili. Walieleza kibanja. Waligawana habari za senene, huyu anasema Kiswahili na yule Kijerumani, wakipokezana bila kukwama, na nilimwona mke wa fundi mmoja akimgusa mumewe kiwiko. Nilikuwa nimesimama ukutani na moyo wangu ulikuwa umejaa. Ndipo wasichana walipoingia na sahani zilizofunikwa kwa majani ya mgomba, wakawapita mama zao, wakapiga magoti mbele ya baba zao. Wavulana walikwenda kula pamoja na baba. Mama wote walibaki na mikono mapajani. Daktari alichota mkono mzima akasifia kwa sauti kubwa, maskini, akatafuna peke yake huku wote wakimtazama. Mama Gertrud akasimama.

Alisema kwa Kijerumani, kwa sauti ya chini, na kwa muda. Mwalimu Luise alitaka kunitafsiria lakini Mama Gertrud alimzuia kwa mkono, na baadaye niliambiwa alisema kuwa Luise atatia sukari. Daktari akashauri basi atafsiri Gertrud, ambaye hana shule ya kuitetea. Mtoto akainuka magotini, akajipangusa sketi, akaja kusimama katikati yangu na mama yake. Nilidhani atatazama sakafu kama anavyofanya mezani. Hakuitazama.

"Mama anasema hakunileta Afrika nije nipige magoti," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa. "Anauliza ni nani alikwambia mimi nisile."

"Mwambie ni mama yangu. Naye aliambiwa na mama yake."

Aligeuka akamwambia. Mama Gertrud aliuliza tena, fupi.

"Anauliza kama wewe uliwahi kuuliza kwa nini."

Ningeweza kusema ni mila, na mila haziulizwi, na pengine wangeniheshimu kwa jibu hilo. Nilimwambia amwambie hapana, sijawahi. Gertrud alilipeleka jibu langu, halafu hakumngoja mama yake. Alinigeukia mimi.

"Na mimi nauliza, Mwalimu. Nimewakamata mwenyewe, nimewanyonyoa, nimewakaanga, vidole vimeungua. Kwa nini nisile?" Kisha, kwa kuwa alikuwa mkalimani wa haki, alimgeukia mama yake na kulitafsiri swali lake mwenyewe, neno kwa neno.

Miaka yote niliyofundisha baadaye, na ilikuwa mingi, nilikutana na maswali magumu, lakini lile ndilo lililonifanya mwalimu. Niliona wazi kuwa nikidanganya nimekwisha mbele ya mtoto yule, hata kama shule itabaki. Nilimwambia, "Sina jibu, Gertrud. Lete sahani." Alileta. Nikachukua senene mmoja, nikamla mbele yao wote. Nikachukua wa pili kwa sababu wa kwanza nilikuwa nimemmeza kwa hofu bila kumsikia ladha. Walikuwa watamu, wana mafuta, wana chumvi, wanavunjika kwenye meno, na nilipata hasira ya ghafla kwa miaka kumi na miwili ya kukaanga bure. Nikampa Gertrud. Nikazichukua sahani moja moja nikawapelekea mama zao. Mpishi wa Daktari, Ta Felisiani, mzee wa kwetu aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Waitu, jamani, leo dunia imeisha," akaondoka kwenda kuchemsha maji.

Huyo Ta Felisiani ndiye aliyezipeleka habari Nyanga kabla yangu. Nilipofika nyumbani kwa Krismasi nilijua kuwa mama anajua, kwa namna alivyonipokea sanduku bila kunitazama. Siku ya tatu tulikuwa wawili tu jikoni, tunamenya ndizi, na yeye aliendelea kumenya alipouliza, kwa Kihaya, wana ladha gani. Mwanamke yule alikuwa amewakaangia baba yake, mume wake na kaka zake maisha yake yote. Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hivyo ndivyo alivyokuwa anadhani kwa harufu yake. Mwaka uliofuata nilimletea pakiti ya senene, tukafunga mlango, tukala.

Lakini nirudi darasani, maana kura ilikuwa haijapigwa. Mwalimu Luise alikuwa ameandaa vikaratasi, na katika vurugu ya sahani havikuonekana. Bwana Kahawa akashauri tutumie buni, kila familia iweke moja. Zikawekwa sahani mbili juu ya meza ya mwalimu, ya kushoto ni watoto waende, ya kulia ni wabaki. Ilibidi nimpe Bwana Kahawa buni ya tatu kwa sababu zake zote mbili alikuwa ameshazitafuna. Familia ya fundi mmoja ilitangulia na kuweka kushoto. Wengine wakasimama na buni zao viganjani, wakimtazama mke wa Daktari, na Mwalimu Luise hakuwa amekosea. Daktari alimwambia mkewe aweke yeye, mikono yake ina mafuta.

Mama Gertrud alikuja mpaka mezani na hakuweka. Alinitazama mimi, akamtazama bintiye, akasema jambo kwa Kijerumani ambalo lilimfanya Mwalimu Luise avue miwani. Nilimuuliza Gertrud amesema nini. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alisita, akawa mwekundu hadi masikioni.

"Mama anasema hajawahi kunisikia nikisema maneno mengi hivi, kwa lugha yoyote. Anasema alidhani mimi ndivyo nilivyo, sina la kusema." Akavuta pindo la sketi. "Anauliza unanifanyaje, Mwalimu."

Neno hilo la mwisho lilikuwa la mama, si lake. Nililisikia mwenyewe katikati ya Kijerumani chake, limesemwa kwa Kiswahili, Mwalimu. Nilijibu kwamba simfanyi chochote, anauliza na mimi najibu, na nisipojua nasema sijui. Gertrud alitafsiri. Mama Gertrud alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea hesabu ambayo hakuitegemea lakini anaona ni sahihi, akaweka buni kwenye sahani ya kulia. Bwana Kahawa aliweka yake palepale kabla hajaisahau mdomoni. Muuguzi akaweka. Fundi wa pili akaweka. Nne kwa moja. Watoto walipiga kelele ambazo nadhani zilisikika wodini, na Daktari alikwenda kuwaomba radhi wagonjwa. Wale wa kushoto waliwapeleka wanao wawili bweni kama walivyosema, na niliwahurumia watoto wale, lakini sitasema uongo kuwa furaha yangu ilipungua.

Nilikuwa nimeshinda. Najua mwenye adabu angesema tulikuwa tumeshinda, lakini nimeshaonya kuwa nimezeeka. Nilikaa miaka tisa pale kilimani, na hata nilipohamia shule za Bukoba, jina la mwalimu lilikuwa limeshanishika na halikutoka tena. Mchana ule, chai ikiwa inamiminwa na wazazi wakiwa bado wamesimama vikundi vikundi, Mwalimu Luise alinipa chaki akasema mwakani ratiba niandike mimi. Nikasogea ubaoni. Mwaka mzima Kiswahili kilikuwa cha saa nane mchana, watoto wakiwa wameshiba na macho mazito. Nilikiandika saa mbili asubuhi, kipindi cha kwanza, Jumatatu hadi Ijumaa. Hesabu za Kijerumani nikazisogeza mchana. Kisha niligeuka nione kama kuna mwenye neno. Mama Gertrud alikuwa amekaa kwenye benchi la watoto, kalamu mkononi, ananakili ratiba yangu mstari kwa mstari.